"Break" kwa Kiswahili: kuvunja, kukata, kupasua, kuchana au kuharibu?

Mwingereza akisema kitu ni "broken", amekuambia jambo moja tu: hakiko kama kilivyokuwa. Kimekuwaje, hajasema. Mswahili hawezi kuishia hapo. Kitenzi chenyewe kinamdai aseme kama kitu kimegawanyika vipande, kimekatika kama kamba, kimepata ufa, kimechanika, au kwa macho ni kizima ila hakifanyi kazi. Anayebandika "kuvunja" kila anapokutana na "break" hupata sentensi kama "shati langu limevunjika" au "mtandao umevunjika", na msomaji anajua papo hapo kwamba amepewa Kiingereza kilichovalishwa kanzu.

Kabla ya kuchagua neno, jiulize mambo matatu. Kitu chenyewe ni kigumu, ni kirefu, ni kilaini au ni cha kujengwa? Kilichoharibika ni mwili wake au kazi yake? Kuna mtu aliyefanya, au kimetokea tu? Majibu ya maswali mawili ya kwanza yanakupa mzizi wa kitenzi, la tatu linakupa mwisho wake.

| Neno | Kinachotokea | Vitu vyake |
|---|---|---|
| kuvunja, kuvunjika | kigumu kinaachana kwa pigo, uzito au kupindwa | sahani, kiti, fimbo, mfupa, kufuli |
| kukata, kukatika | kirefu kinaachana. Kinachokuja mfululizo kinakoma | kamba, uzi, mnyororo, umeme, maji, mvua |
| kupasua, kupasuka | kinafunguka au kupata ufa kwa msukumo, joto au ncha | puto, tairi, bomba, glasi, mbao |
| kuchana, kuchanika | kilaini na bapa kinaachana | nguo, karatasi, jani la mgomba |
| kufumua, kufumuka | kilichoshonwa au kusukwa kinaachia | mshono, nywele, ukili |
| kumega, kumeguka | kipande kinatoka, kikubwa kinabaki | mkate, ugali, jino, ukingo wa mto |
| kubomoa, kubomoka | kilichojengwa kinaanguka | ukuta, nyumba, kisima |
| kuharibu, kuharibika | kipo, lakini hakifanyi kazi | gari, redio, saa, lifti |

Mipaka ya jedwali hili si ukuta wa mawe. Kuna vitu vinavyokubali maneno mawili, na hapo ndipo penye kazi.

Meza moja ya fundi cherehani

Ukitaka kuona tofauti zote zikiwa pamoja, kaa nusu saa kwa fundi wa nguo. Uzi ukimwachia katikati ya mshono, atasema uzi umekatika. Mara nyingi ni kwa sababu umekazwa mno, au tundu la sindano lina kikwaruzo kinachoula. Sindano ikiachana, sindano imevunjika: ni chuma kigumu, na kimeshindwa kupinda zaidi. Hilo humpata anayeshona jinzi nene kwa sindano namba 90, badala ya 100 au 110. Kitambaa kikiachana kwenye nyuzi zake chenyewe, kimechanika. Lakini kikiachana pale kiliposhonwa, huku kitambaa ni kizima, mshono umefumuka. Na cherehani ikigoma kuzunguka bila kipande chochote kuonekana kimeachana, imeharibika.

Kwa Kiingereza, uzi, sindano na cherehani vyote vinaweza kubebwa na "broke". Kwa Kiswahili ukimwambia fundi "suruali imefumuka", anajua atapitisha mshono upya tu, kazi ya dakika chache. Ukisema "imechanika", anaanza kufikiria kiraka. Bei inaanzia kwenye kitenzi.

Bara na Kenya wako wanaosema nguo imepasuka, na utasikia pia imeraruka. Zote zinaeleweka. Kuraruka kunabeba ukali zaidi: nguo iliyoraruka imevutwa kwa nguvu, au imenaswa na seng'enge, na kingo zake zimebaki nyuzinyuzi.

Kuvunjika au kukatika?

Kanuni rahisi ni hii: kitu kikiwa kirefu na cha kunyumbuka, kinakatika, kikiwa kigumu, kinavunjika. Kamba, nywele, mshipi wa kuvulia, mkanda wa feni na ukanda wa ndala hukatika. Fimbo, mpini wa jembe na mguu wa meza huvunjika. Mnyororo wa baiskeli ni wa chuma, lakini hukatika, kwa kuwa macho ya watu yanauona kama kamba. Ukiteleza tu kutoka kwenye meno ya gia, haujakatika wala kuvunjika: umetoka, na unarudishwa kwa mkono bila fundi.

Mti una maneno yake. Tawi likipinda na kuning'inia limevunjika. Shina likianguka pamoja na mizizi, mti umeng'oka. Mwandishi wa habari za upepo mkali akiandika "miti mingi ilivunjika" wakati iling'oka, amebadilisha habari: shina lililovunjika linaweza kuchipua tena, lililong'oka mara nyingi limekwisha.

Sasa upande wa pili wa kukatika, ambao Kiingereza hakina neno moja la kuukamata. Chochote kinachokuja mfululizo, kikikoma ghafla, kimekatika. Umeme umekatika. Maji yamekatika. Mvua imekatika. Mawasiliano na kijiji yamekatika. Ulikuwa unaongea na mtu, simu ikakatika. Nairobi utasikia "stima zimepotea" kwa jambo hilohilo, na mtu wa Dar es Salaam atacheka kidogo kwa kuwa kwake kilichopotea kinaweza kutafutwa. Barabara nayo hukatika: maji yakishabeba tuta na kuacha shimo, magari hayavuki, barabara imekatika hata kama lami ya pande zote mbili ni nzima.

Kuvunjika au kupasuka?

Hapa ndipo watu hubishana, na kwa haki. Glasi iliyoanguka sakafuni ikawa vipande imevunjika. Glasi nene iliyokuwa ya baridi ikamiminiwa chai ya moto na kutoa mlio "ta!" imepasuka: upande wa ndani umepata joto na kutanuka kabla ya upande wa nje, ufa ukaingia. Inaweza kuwa bado imesimama mezani. Kupasuka kunaanza na ufa, na mara nyingi msukumo unatoka ndani. Kwa hiyo puto hupasuka, tairi hupasuka, jipu hupasuka, bomba la maji hupasuka. Kuvunjika kunaanza na pigo au uzito kutoka nje.

Tofauti hii si ya mapambo. Ukiwapigia watu wa maji na kusema bomba limevunjika, wanaelewa limegongwa au limekanyagwa na gari, na sehemu ya kukata na kuunga iko wazi. Ukisema limepasuka, wanaelewa msukumo umelishinda na maji yanaruka. Na kama ni tundu dogo linalolowesha ardhi, bomba limetoboka na linavuja. Angalia herufi hapo: kuvuja na kuvunja vinatofautiana kwa "n" moja tu, na kikagua tahajia cha simu hakitakuonya kwa kuwa yote mawili ni maneno sahihi.

Simu ya mkononi ni mfano mzuri zaidi kwa sababu inaweza kupatwa na yote. Kioo kimepasuka: kuna mistari ya ufa, lakini picha inaonekana na vidole vinafanya kazi, kwa hiyo huenda kinachobadilishwa ni kioo cha juu tu. Kukiwa na doa jeusi linalotanuka au mistari ya rangi, skrini yenyewe ya ndani imeharibika, na gharama inapanda. Simu imevunjika: fremu au mfuniko umeachana. Simu imeharibika: hakuna kilichoachana, ila haiwaki au haichaji. Simu imezima: huenda chaji imekwisha tu. Simu imekatika: hiyo si simu tena, ni mazungumzo. Anayetafsiri "my phone is broken" hana budi kutafuta kwenye maelezo yanayofuata ni ipi kati ya hizi. Asipoipata, "simu yangu ni mbovu" ndilo jibu salama, maana -bovu haisemi sababu.

Mitambo ina misamiati yake midogo ndani ya kuharibika. Balbu na fyuzi huungua. Betri hufa. Injini iliyokosa oili na kukwama, madereva wa Tanzania husema imenoki. Springi na ekseli huvunjika kweli, na ukiandika kwamba zimeharibika hujakosea, ila umemwacha fundi bila habari.

Mwisho wa kitenzi: nani alifanya?

Kiingereza kinasema "the boy broke the window" na "the window broke" kwa kitenzi kilekile bila kubadilisha kitu. Kiswahili hakiruhusu. "Dirisha lilivunja" maana yake dirisha ndilo lililovunja kitu kingine. Kuna njia tatu, na kila moja inasema jambo tofauti kuhusu lawama:

Mtoto amevunja dirisha. Mtendaji yuko mbele.

Dirisha limevunjwa. Mtendaji hatajwi, lakini yupo. Kuna mkono wa mtu.

Dirisha limevunjika. Hakuna anayetajwa wala kudokezwa. Huenda ni upepo.

Katika maelezo ya polisi au fomu ya bima, herufi hizo za mwisho zina uzito kuliko aya nzima. "Nilikuta kufuli limevunjwa" ni madai ya wizi. "Nilikuta kufuli limevunjika" ni hali tu, na kufuli la zamani huweza kuachana lenyewe. Kosa la kawaida la wanaojifunza ni kuchanganya: "limevunjika na mwizi". Umbo la -ika halipendi mtendaji baada ya "na". Sema "limevunjwa na mwizi", na ukitaka chanzo kisicho mtu, tumia "kwa": limevunjika kwa upepo, kimepasuka kwa joto.

Mwili wa mtu una kanuni ngumu zaidi. "I broke my leg" si "nilivunja mguu wangu". Sentensi hiyo kwa Kiswahili inamfanya msikilizaji ajiulize ulikuwa na ugomvi gani na mguu huo. Sema "nilivunjika mguu". Mtu ndiye anayevunjika, na mguu unatajwa baadaye kuonyesha ni wapi, bila "wangu". Mtu mwingine akihusika, mwenye kiungo anaingia ndani ya kitenzi: "alinivunja mkono", wala si "alivunja mkono wangu". Wasomaji wa Biblia wanaliona umbo hili katika Yohana 19:33, pale askari "hawakumvunja miguu".

Na kabla hujaandika kuvunjika, hakikisha ni mfupa. Kifundo kilichopinda vibaya na kuvimba kimeteguka. Bega lililotoka kwenye nafasi yake limetenguka. Jino linaweza kumeguka ncha, kuvunjika katikati, au kung'oka lote, na daktari wa meno atakuuliza ni lipi.

Wakati nao una mtego. "It is broken" ni "kimevunjika", hali iliyokwisha kutokea na ipo hadi sasa. "Kinavunjika" maana yake kiko njiani kuvunjika, au ni cha kuvunjika upesi. Kwa sababu hiyo, boksi la vyombo linaweza kuandikwa "Vinavunjika, beba taratibu", na ukiandika "Vimevunjika" mpokeaji atakataa mzigo.

Nazi, kuni na korosho

Kazi za mikono zimegawa "break" hadi Kiingereza hakiwezi kufuata. Chukua nazi. Kutoka mnazini nazi huanguliwa. Ganda la nje la makumbi hutolewa kwa kufua: nazi inachomekwa kwenye kifuo, mti au chuma chenye ncha kilichosimikwa ardhini, inakandamizwa na kuzungushwa mpaka makumbi yaachie. Ndipo inavunjwa, na hapa kuna namna. Mpishi huishika kiganjani na kuigonga kwa mgongo wa kisu kwenye mstari wa katikati, akiizungusha kidogo kwa kila pigo, na chini ameweka bakuli la kukinga maji. Ikigongwa mahali pamoja tu kwa nguvu, inatoa vipande vitatu au vinne visivyoshikika, na kukuna kwenye mbuzi, kile kibao cha kukunia nazi, kunakuwa taabu, kwa sababu meno ya mbuzi yanahitaji kifuu cha mviringo. Dafu, kwa upande wake, halivunjwi. Dafu hukatwa kichwa kwa panga. Anayeandika "kuvunja dafu" hajawahi kununua dafu barabarani.

Kuni kavu nyembamba huvunjwa, kwa mkono au kwa goti. Gogo hukatwa kwa msumeno kuwa vipande vya urefu, kisha kila kipande hupasuliwa au huchanjwa kwa shoka kufuata nyuzi za mti. Mbao hupasuliwa kutoka kwenye gogo. Korosho hubanguliwa, na neno hilo ndilo lililoko kwenye vibao vya viwanda na midomoni mwa wakulima wa Mtwara na Lindi. Ukiandika "kiwanda cha kuvunja korosho" umeandika hasara, kwa sababu korosho iliyovunjika katikati inashuka daraja na bei. Hindi hukonyolewa kutoka kwenye bua, kisha hupukuchuliwa. Mkate na ugali humegwa, hata kwenye ibada: Matendo ya Mitume 2:42 inasema kuumega mkate.

Mkataba: neno moja, maana mbili zinazopingana

Kwenye sheria, kuwa mwangalifu zaidi. Kiingereza kikisema mtu "broke the contract", maana yake amekwenda kinyume chake na anaweza kudaiwa. Magazeti ya michezo ya Kiswahili yanaposema klabu "imevunja mkataba na kocha wake kwa makubaliano ya pande mbili", hakuna aliyekosea: mkataba umekatishwa kabla ya muda. Neno moja limebeba kosa na pia kumalizana kwa amani. Kwenye barua ya kawaida muktadha utasaidia. Kwenye hati ya kisheria, usiliache hivyo. Kwa kosa andika "kukiuka mkataba", au bora zaidi "kukiuka masharti ya mkataba" na utaje sharti lenyewe. Kwa kumaliza andika "kusitisha mkataba".

Kuvunja sheria na kukiuka sheria vinakaribiana sana. Kwa masikio yangu, kuvunja ni kwa kosa linaloonekana na lenye adhabu, kukiuka kunakaa vizuri zaidi na kanuni, taratibu, maadili na haki. "Kukiuka haki za binadamu" linasomeka sawa. "Kuvunja haki za binadamu" lipo, lakini linasikika zito mdomoni. Amri na miiko huvunjwa. Ahadi huvunjwa, na mwenye ahadi akiwa mtu wa kukufahamu, utasema kwa upole kwamba hakuitimiza.

Bunge huvunjwa pia, na hapa Kiingereza ndicho kinachobadilisha neno: kinasema "dissolve". Ibara ya 90 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inahusu kuitishwa na kuvunjwa kwa Bunge. Bodi na kamati nazo huvunjwa. Mtafsiri anayerudi kwenye Kiingereza na "break the Parliament" amewapa wasomaji picha ya mabati na vioo. Ndoa iko katikati: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitaka mahakama ijiridhishe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika kabla ya kutoa talaka. Hapo "kuvunjika" na Kiingereza vinakwenda pamoja. Ndoa iliyobatilishwa ni jambo jingine, kwa kuwa sheria inaihesabu kama haikusimama tangu mwanzo.

Saumu: kufungua si kuvunja

Kama kuna mahali ambapo kosa litakuumbua, ni hapa. Kiingereza kinasema "break the fast" kwa anayekula tende jua likizama na pia kwa aliyekula wali saa saba mchana. Kwa Waswahili hao ni watu wawili wasiofanana. Wa kwanza amefuturu, au amefungua, na chakula chake ni futari. Wa pili amevunja saumu, au saumu yake imebatilika. Akifanya kwa kujificha bila udhuru, mtaani ataitwa kobe. Mgonjwa na msafiri hawaingii humo: hao wanakula kwa ruhusa na watalipa siku zao. Ukiandika tangazo la mwaliko "karibuni kuvunja saumu nasi", wageni watasoma mara mbili. Udhu nao una neno lake: hutenguka.

Chakula cha asubuhi, ambacho jina lake la Kiingereza linatokana na "break" hiyohiyo, ni kifungua kinywa Tanzania, kiamshakinywa Kenya, staftahi kwa wanaopenda neno la zamani. Nyumbani watu huuliza tu: umeshakunywa chai?

Moyo

"She broke his heart" ndiyo sentensi inayotafsiriwa vibaya kuliko zote. Kuvunjika moyo kwa Kiswahili ni kukata tamaa: mwanafunzi aliyefeli mara mbili amevunjika moyo, mkulima aliyekosa mvua amevunjika moyo, na kumvunja mtu moyo ni kumwambia maneno ya kumfanya aache jitihada. Mapenzi si lazima yawemo. Kwa aliyeachwa, Kiswahili kina namna nyingine: ameumizwa, moyo unamuuma, au kwa lugha ya mjini Dar es Salaam, ametendwa. Nyimbo mpya zimeanza kutumia "umenivunja moyo" kwa mapenzi, na vijana wanaielewa. Kwenye maandishi yanayosomwa na watu wa rika zote, ningechagua "umeniumiza".

Yanayofuatana na vijineno

Kiingereza kinaongeza kijineno kama "up", "down" au "out" nyuma ya "break" na kupata maana mpya kabisa. Usitafute kuvunja hapa, mara nyingi halipo. Wapenzi huachana. Waliopigana huamuliwa, na mwenye busara ndiye anayeamulia ugomvi. Mtu aliyezidiwa na huzuni huangua kilio. Vita huzuka, moto huzuka, kipindupindu hulipuka. Mfungwa hutoroka. Mwizi aliyeingia kwa nguvu ndiye pekee aliyevunja: amevunja nyumba. Anayeingilia maneno ya mwenzake anamkatiza au anamdakiza. Gari lililokwama njiani limeharibika.

Bila kijineno, lakini nayo ni mbali na kuvunja: kukicha au kukipambazuka ndiyo "daybreak", homa hushuka, tabia huachwa, watoto wa shule huenda mapumziko, na runinga huandika "Habari za hivi punde". Aliyeishiwa pesa, yaani "broke", ameishiwa tu. Dar es Salaam amefulia, Nairobi amesota. Noti kubwa huvunjwa kuwa ndogo, ingawa wengi watasema kuchenji. Breki ni ya gari, na Kiingereza chake ni neno jingine lenye mlio huohuo.

Rekodi imekubali kuvunjwa bila ubishi. Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni ya Chicago mwezi Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, alivunja rekodi ya dunia ya Eliud Kipchoge ya saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Angalia tu mwenye rekodi: unavunja ya mwenzako, unaweka ya kwako. "Kiptum alivunja rekodi ya saa 2 na sekunde 35" inageuza habari kichwa chini.

Ukirudi kutoka Kiswahili

Njia ya kurudi ina mashimo yake. Msichana aliyevunja ungo hakuharibu chombo chochote cha jikoni. Amepata hedhi yake ya kwanza. Aliyekuvunja mbavu amekuchekesha. Aliyekuvunjia heshima amekudhalilisha, na kitenzi kinataka hiyo -ia yake: "alinivunja heshima" ni pungufu. Kujivunia hakumo kabisa katika ukoo huu; ni kuona fahari, na anayekiandika "kujivunja" katika wasifu wa kuombea kazi amejipunguzia alama. Kuvunja jungu ni kula na kufurahi siku za mwisho za Shaabani kabla Ramadhani haijaingia. Likiandikwa neno moja, vunjajungu ni yule mdudu mwembamba anayekunja miguu ya mbele kama anayeomba dua, kwa hiyo angalia nafasi kati ya maneno kabla hujaanza kutafsiri.